Utangulizi: Siri Iliyo Shambani kwa Mwenzako

Ng'ambo ya Mto Tana, ukiwa Bura Mashariki katika eneo la Fafi, Kaunti ya Garissa, yako mashamba ya Mradi wa Unyunyiziaji wa Bura. Benki ya Dunia iliuidhinishia mkopo mwaka 1977, ukakusudiwa kulima pamba kwenye hekta 6,700. Zilizotayarishwa hazikufika nusu. Historia hiyo ina waandishi wake. Mimi nina haja na zao jingine linalolimwa huko kwa mkataba: mahindi ya mbegu ya kampuni ya Kenya Seed.

Mkulima wa mahindi ya mbegu hapewi mbegu ya aina moja. Hupewa mbili, ya mzazi dume na ya mzazi jike. Huzipanda kwa mistari tofauti, mbali na mahindi ya jirani ili chavua ngeni isipeperushwe ikaingia. Mimea jike inapokaribia kuchanua, vibarua hupita mstari kwa mstari wakiing'oa mbelewele kwa mkono kabla haijamwaga chavua, na wakaguzi wa KEPHIS, shirika la serikali linalokagua mbegu, huja kuhakikisha hakuna iliyosazwa. Dume likishamaliza kazi yake, mistari yake hufyekwa. Kinachovunwa kwa ajili ya mbegu ni mahindi ya jike peke yake, nayo yana mwenyewe tangu siku yalipopandwa. Wazazi hao wawili ndio mtaji wa kampuni ya mbegu, kwa sababu aliye nao wote anaweza kutengeneza chotara ile ile. Na kwa miezi kadhaa mtaji huo umesimama juani katika shamba la mtu mwingine, ukinyweshwa na kulindwa dhidi ya nyani na mifugo na mtu yule yule ambaye, akiamua, anaweza kutia konzi ya punje mfukoni akaenda zake.

Taaluma ninayokukaribisha, ndugu msomaji, ina swali moja kubwa, nalo limo lote katika shamba hilo. Utampaje mtu kitu akitumie, kisha umnyime uwezo wa kukiweka kiwe chake? Badala ya mbegu weka orodha ya wateja, bei ya zabuni, daftari la wadeni, mchanganuo wa gharama za mradi. Badala ya mkulima weka mhasibu, wakala, mshauri wa muda, au mfanyakazi anayeondoka mwisho wa mwezi. Wanaotafuta jibu la swali hilo kwa njia ya programu wanaliita jibu lao usimamizi wa haki za kidijitali. Langu nitalitoa mapema ili usinisome kwa wasiwasi: mfumo huu hauwezi kumficha siri mtu uliyekwisha kumruhusu kuiona. Unaweza mambo mengine, baadhi yake yenye thamani kubwa, na kazi ya kitabu hiki ni kuyachambua mambo hayo kutoka kwenye ahadi za wauzaji.

Huenda umeshautumia bila kujua. Tangu mwaka 2021 WhatsApp inakuruhusu kutuma picha ya kutazamwa mara moja tu, na mwaka uliofuata ikatangaza kuwazuia watu kuinasa picha hiyo kutoka kwenye skrini. Kila mtu Garissa anajua pa kupenyea: unaazima simu ya pili, unaipiga picha ya kwanza. Wataalamu wameandika kurasa nyingi kuhusu mwanya huo, na sioni kama wameongeza kitu juu ya anachokijua mwanafunzi wa kidato cha tatu.

Ofisini mambo huenda hivi. Chukua mhasibu wa chama cha ushirika anayeandaa hati ya bei ambayo chama kitaipeleka kwa mnunuzi. Akiihifadhi, programu inaisimba hati kwa ufunguo uliozalishwa papo hapo, kisha ufunguo wenyewe unafungwa ndani ya leseni pamoja na masharti: mwenyekiti na katibu wasome na kurekebisha, mshauri asome tu, asichapishe, asinakili, na baada ya Ijumaa isimfungukie tena. Hati inasafiri ikiwa imesimbwa. Anayeikuta kwenye simu iliyoibwa au kwenye flashi iliyosahaulika ndani ya basi la Garissa anakuta takataka. Mshauri akiibofya, programu yake inaita seva, inathibitisha yeye ni nani, inapewa ufunguo, inaisimbua hati ndani ya kumbukumbu ya kompyuta na kumwonyesha. Kitufe cha kuchapisha kimefifia, hakibonyezeki.

Hapo usipite haraka. Maandishi yanapoonekana kwenye skrini ya mshauri, ufunguo umo ndani ya kompyuta yake, na hati imo humo ikiwa wazi kabisa. Hesabu za usimbaji zimekwisha kazi yao. Kinachomzuia kuchapisha ni utiifu wa programu tu: imeambiwa isichapishe, nayo inatii. Mwenye kompyuta akiwa na programu nyingine isiyotii, hakuna hesabu ya kumzuia. Cory Doctorow aliwaambia watafiti wa Microsoft jambo hili waziwazi mwaka 2004: usimbaji ulibuniwa kumkinga mtumaji na mpokeaji dhidi ya adui aliye njiani, na katika mfumo wa namna hii mpokeaji na adui ni mtu mmoja.

Wanazuoni walikuwa wamelinusa tatizo hilo mapema zaidi. Mwaka 1973 Butler Lampson aliandika makala fupi akiuliza kama programu iliyokabidhiwa siri inaweza kuzuiwa isiivujishe, akaonyesha kuwa hata jinsi programu inavyotumia mashine, muda na mzigo wake, inaweza kubeba ujumbe kwa anayejua kuusoma. Miaka miwili baadaye Jerome Saltzer na Michael Schroeder wakaweka kanuni ambazo bado tunazifundisha, mojawapo ikiwa kumpa kila mtu uwezo mdogo kabisa unaotosha kazi yake. Ukiniuliza ni maandishi gani mawili uyasome ukiwa na jioni mbili tu, ni hayo.

Kisha wakaja watu wa filamu wenye fedha nyingi na subira kidogo. Diski za DVD zilitoka mwaka 1996 zikiwa zimesimbwa. Mwaka 1999 mvulana wa Norway, Jon Lech Johansen, akiwa na miaka 15, alisambaza programu ya kuzifungua aliyoitengeneza pamoja na wenzake. Waendesha mashtaka wakamfikisha mahakamani, wakashindwa. Wakakata rufaa, wakashindwa tena. Mwaka 2002 wahandisi wanne wa Microsoft waliandika kwamba mitandao ya kunakiliana itaendelea kuwapo, na kwamba nakala moja ikishatoroka inawafikia wote. Mwaka uliofuata kampuni yao hiyo hiyo ilitoa mfumo wa kulinda haki za hati za ofisini.

Usicheke haraka. Filamu na hati ya bei vinafanana katika hesabu, ila vinatofautiana kabisa katika watu. Filamu inauzwa kwa mamilioni ambao muuzaji hawajui. Akitokea mmoja duniani kote wa kuvunja, mchezo umekwisha. Hati ya chama cha ushirika ina wasomaji sita. Wanajulikana kwa majina na kwa ukoo. Wana mishahara, wana mikataba, wana majina ya kupoteza. Mfumo unaoshindwa kabisa mbele ya umati unaweza kufanya kazi ya maana mbele ya watu sita, kwa sababu mbele yao hauhitaji kuwa ukuta. Unatosha ukiwa shahidi. Wakosoaji wengi wa mifumo hii, ambao nawaheshimu, wamejifunza kila kitu kutokana na muziki na filamu, wakaihukumu ofisi kwa makosa ya sinema.

Hata hivyo shahidi huyo naye ana udhaifu ambao sharti uujue kabla ya kumtegemea. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ruhr kilichoko Bochum, Ujerumani, waliuchunguza mfumo wa Microsoft na kuonyesha kwamba mtu aliyepewa haki ya kusoma tu anaweza kuiondolea hati ulinzi wote. Wakaonyesha na jambo baya zaidi: anaweza kuibadilisha hati, kisha ikaonekana bado ni ya mwandishi wa awali, ikiwa na ulinzi ule ule. Msingi wa yote ni ule tulioupitia: kusoma na kurekebisha kunahitaji ufunguo mmoja, na tofauti baina yake iko mikononi mwa programu ya msomaji. Kwa mfanyabiashara, udhaifu huo wa pili ndio wa kuogofya. Bei iliyovuja ni hasara ya zabuni moja. Bei iliyobadilishwa ikiwa bado na jina lako ni kesi.

Basi ni kazi gani mifumo hii inazifanya vizuri? Dhidi ya wageni, nyingi. Simu iliyoibwa, kompyuta iliyouzwa bila kufutwa, barua pepe iliyokwenda kwa jina linalofanana na lingine: kote huko hati hubaki imefungwa. Ruhusa inaweza kuondolewa baada ya hati kutumwa, jambo ambalo bahasha haikuwahi kuliweza. Lakini kazi ninayoithamini kuliko zote ni kumbukumbu ya nani alifungua nini, lini, kutoka kwenye kifaa gani. Mwaka 1994 Benny Chor, Amos Fiat na Moni Naor walianzisha tawi zima la hesabu la kumtafuta msaliti: kila mpokeaji apewe seti yake ya funguo, ili funguo zikivuja ijulikane zilitoka kwa nani. Wazo hilo limekwisha kutembea hata nje ya kompyuta. Mwaka 2005 shirika la Electronic Frontier Foundation lilifumbua vidoa vidogo vya manjano ambavyo baadhi ya printa za rangi za Xerox huvichapa kwenye kila karatasi, likakuta vinataja tarehe, saa na namba ya mashine. Alama kama hiyo ikitawanywa kwenye skrini nzima inaweza kuonekana hata katika picha iliyopigwa kwa simu ya pili. Mwanya wa mwanafunzi wetu wa kidato cha tatu hauzibiki, ila anayeutumia anaweza kujulikana.

Na wanaoutumia mara nyingi wako ndani. Mwaka 2019 mteja mmoja wa Safaricom alikwenda Mahakama Kuu Nairobi akidai kwamba data za wateja milioni 11.5 waliocheza kamari kwa simu zilikuwa zimetoka nje ya kampuni, na watu waliokuwa wafanyakazi wake wakafunguliwa mashtaka. Kuhukumu kesi si kazi ya kitabu hiki. Kinachonihusu ni umbo la madai yenyewe. Hakutajwa mdukuzi wa ng'ambo aliyevunja ukuta usiku. Walitajwa watu wa ndani, ambao kazi yao huwapitisha karibu na data. Mbele ya mtu wa namna hiyo, swali la usimbaji una nguvu gani ni la pili. La kwanza ni kwa nini mtu mmoja aweze kuvuta mamilioni ya majina kwa mkupuo, na kwa nini kengele isilie anapofanya hivyo.

Sasa tuurudishe mfumo huu Bura, maana vitabu vingi vya fani hii vimeandikwa na watu ambao mtandao wao haukatiki. Hati iliyolindwa inahitaji kuiita seva. Mtandao ukipotea, na katika miji midogo ya kaskazini mashariki unapotea, mbuni wa mfumo ana njia mbili. Anaweza kukataa kuifungua hati, kazi ikasimama hadi mtandao urudi. Au anaweza kuiacha kompyuta ikae na leseni kwa siku kadhaa bila kuuliza, na kwa siku hizo mfanyakazi uliyemfukuza Jumatatu bado anaisoma hati yako Alhamisi. Hakuna njia ya tatu. Idadi ya siku hizo huwa imefichwa ndani ya mipangilio, na muuzaji hataitaja. Muulize hilo kwanza, kabla ya bei.

Kuna hatari nyingine isiyosemwa sana, ya mwenye mali kufungiwa nje ya mali yake. Desemba 2009 cheti kimoja cha Microsoft kiliisha muda, na watumiaji wa Office 2003 wakashindwa kufungua hati walizozilinda wenyewe mpaka kampuni ilipotoa marekebisho. Mwaka 2019 kampuni hiyo hiyo ilifunga duka lake la vitabu vya kielektroniki, na vitabu ambavyo watu walikuwa wamevilipia vikaacha kufunguka. Walirudishiwa fedha, vitabu havikurudi. Chama cha ushirika kinacholipa programu kwa mwezi na kukosa fedha msimu wa ukame kijiulize hati zake za miaka mitano zitafunguliwa na nani.

Kuna pia uvujaji ambao programu hizi hazina habari nao. Kwa miaka mingi wakala wa M-Pesa alikuwa na daftari la karatasi pale kwenye kaunta: jina, namba ya kitambulisho, namba ya simu, kiasi, sahihi. Kila mteja aliyeinama kutia sahihi alisoma mistari kumi ya waliomtangulia. Hakuna kilichodukuliwa. Mtafiti anayekuja Garissa na vifaa vya kupima usimbaji, bila kwanza kutazama kilicho wazi juu ya meza, amekuja na dawa kabla ya kumwona mgonjwa.

Na wasomaji wa Fafi, ambako ndiko iliko kambi ya wakimbizi ya Hagadera, mojawapo ya zile za Dadaab, wana somo ambalo wangeweza kuwafundisha wahandisi wa California. Katika miaka ya ukame Wakenya wengi wa Kisomali walijiandikisha katika kambi za Dadaab kama wakimbizi ili wapate chakula na matibabu. Alama zao za vidole zikabaki katika hifadhidata. Walipokuja kuomba kitambulisho cha taifa, mashine ikawatambua kama wakimbizi, na maombi yakakwama. Mwaka 2021 shirika la Haki na Sheria, lenye makao yake Garissa, lilipeleka suala hilo Mahakama Kuu mjini humo. Hizo si data za biashara, najua. Naziweka hapa kwa sababu hakuna kufuli lililovunjwa. Alama zilizotolewa kwa ajili ya mgao wa unga zilitumika kuamua uraia, na aliyezisoma alikuwa na ruhusa ya kuzisoma. Mifumo ya haki za kidijitali inajua kuuliza nani anasoma, na lini. Kuuliza anasoma kwa ajili gani bado haijui vizuri, na kijana anayetafuta mada ya tasnifu asitafute mbali zaidi ya hapo.

Sheria inalijua swali hilo, angalau kwenye karatasi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya, iliyotiwa saini tarehe 8 Novemba 2019, inataka data binafsi zitumike kwa kusudi lililotajwa, na inampa mwenye kuzihifadhi saa 72 kumjulisha Kamishna zikivuja kwa namna inayoweza kumdhuru mhusika. Faini ya kiutawala inaweza kufika shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mauzo ya mwaka uliotangulia, kilicho kidogo kati ya hivyo viwili. Kamishna wa kwanza, Immaculate Kassait, alianza kazi mwaka 2020, na mwaka 2023 ofisi yake iliitoza shule moja shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Tazama tena: mwenye picha ndiye aliyezichapisha. Kwa siri za biashara zisizo data binafsi, kama bei na michanganuo, Kenya haina sheria ya peke yake. Unategemea mkataba, kanuni za mahakama kuhusu imani iliyovunjwa, na Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya mwaka 2018. Ndiyo maana sura mbili za kitabu hiki ni za mikataba, na nakuomba usiziruke.

Kampuni ya mbegu ilijua haya bila kompyuta. Haiwezi kumzuia mkulima asiguse punje zilizo shambani mwake, kwa hiyo inaweka mambo mengine kuizunguka siri: kiasi cha mbegu kinachotolewa kinajulikana, dume linafyekwa mapema, afisa wa shamba anapita, malipo yanamfanya mkulima atake kuitwa tena msimu ujao, na mkataba upo wa kupeleka mahakamani. Hakuna hata kimoja kinachotosha kikiwa peke yake.

Unaingia katika fani ambayo inahitaji wanahesabu, wanasheria, wahasibu na watu waliowahi kukaa kaunta. Usiogope ukiwa mmoja tu kati ya hao. Na kwa kuwa najua wengi mtaanza kuulizwa ushauri kabla hamjafika sura ya tatu, nawapa wangu wa kuanzia. Mwenye duka au chama kidogo Bura akiuliza kama anunue mfumo wa haki za kidijitali mwaka huu, mwambie asinunue. Aorodheshe hati zake tano ambazo zikitoka zitamuumiza, aandike mbele ya kila moja majina ya wanaoiona, na ayafute majina ambayo hayana kazi nayo. Kampuni yenye matawi Garissa, Mombasa na Nairobi, inayotuma hati za zabuni kila wiki na kuajiri na kuachisha watu kila mwezi, inunue. Ila isome kumbukumbu za mfumo kila wiki, maana shahidi asiyeulizwa hasemi.